Mto Huchafuliwa Mezani Kwanza

Ndugu zangu, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na hesabu ndogo ambayo kila mtu anaweza kuifanya hapo alipoketi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, inaleta lita moja ya maji. Chukua hekta moja ya ardhi, yaani mita za mraba 10,000, kisha iangukie mvua ya milimita 20, mvua ya jioni moja tu. Hizo ni lita 200,000. Kama hekta hiyo ina miti na majani na udongo unaopitisha maji, sehemu kubwa ya mvua itazama ardhini au itarudi hewani kupitia mimea. Inayobaki itafika mtoni polepole, imechujwa, nyingine baada ya majuma. Sasa iezeke hekta ileile mabati, isakafie zege, imwagie lami. Karibu lita zote zitakuwa mtoni kabla hujalala, zimebeba mafuta ya magari, vumbi la breki, kinyesi cha wanyama na mifuko ya plastiki, tena zina kasi ya kumega kingo.

Katika hesabu hiyo hakuna mhalifu. Hakuna kiwanda kilichofungua bomba la siri usiku wa manane. Kuna mtu aliyeomba kibali, akapewa, akajenga alichoruhusiwa. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani. Na mto ukafa.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Mto huchafuliwa mezani kwanza, ndipo unachafuliwa ukingoni. Nasema mezani pale ramani zinapokunjuliwa, mipaka ya viwanja inapochorwa na muhuri unapogongwa. Sisi tunaoipenda mito tumezoea kukutana ukingoni. Tunavaa glavu, tunaokota chupa, tunajaza magunia. Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Inatukutanisha, na mtoto aliyewahi kuopoa takataka mtoni kwa mikono yake hatupi tena ovyo. Lakini huku sisi tukiokota chupa, mezani wanagawa uwanda wa mafuriko, yaani ardhi ambayo mto huitandaza maji ukijaa, na sisi hatumo chumbani.

Mara yangu ya kwanza kwenda kupinga ujenzi uliokuwa ukifukia ardhioevu, nilibeba bahasha nene ya picha. Nilikuwa na hakika kwamba yeyote atakayeziona atasimamisha kazi palepale. Ofisa alinisikiliza kwa utulivu mpaka nikamaliza. Kisha akafungua jalada na kunionyesha tarehe. Kipindi cha kupokea maoni kilikuwa kimefungwa miezi mitano kabla. Tangazo lilibandikwa ubaoni kwa muda wote unaotakiwa na sheria, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisoma. Nilitoka pale na bahasha yangu, nikapita palipokuwa na matete, nikakuta malori yanashindilia kifusi. Ndugu zangu, sijawahi kuisahau siku ile.

Watafiti wa vijito vya mijini wameeleza tangu miaka ya 1990 kwamba afya ya kijito huanza kuporomoka pale takriban asilimia 10 ya bonde lake, yaani ardhi yote inayokiletea maji, inapofunikwa na paa, lami na zege. Ikivuka asilimia 25 hivi, vijito vingi hubaki mitaro tu. Si kanuni isiyopinda, kwa sababu aina ya udongo, mteremko na miti ya ukingoni hubadilisha mambo. Lakini tazameni udogo wa namba ile ya kwanza. Asilimia 10! Eneo likifika hapo bado linaonekana kijani, bado lina ndege, bado wenyeji wanaliita shamba. Na hakuna anayekaa siku moja akasaini kuua mto. Husainiwa kiwanja kimoja leo, barabara moja mwezi ujao, maegesho mwaka kesho. Kila faili likisomwa peke yake halina hatia. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwenye kila kikao lazima liwe hili: bonde zima limeshafunikwa kiasi gani, na kibali hiki kinaongeza kiasi gani? Kama hakuna anayejua, hilo lenyewe tuliandike kwenye maoni yetu.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nawaomba mlikumbuke hilo mtakapoambiwa kwamba kijito fulani ni kidogo mno, hakimo hata kwenye ramani, kwa hiyo kinaweza kuingizwa kwenye bomba na kufukiwa. Mto mkubwa ni vijito hivyo hivyo vilivyokutana. Ukivifukia vyote huko juu, huku chini unabaki na mto ambao siku ya mvua unabomoa madaraja na siku ya jua hauna maji.

Historia ya London inatufundisha jambo ambalo watu wengi hulisimulia nusu tu. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi Bunge likashindwa kukaa kwa raha. Mapazia ya jengo yalilowekwa kwenye dawa ya klorini ili kuzuia harufu. Ndani ya majuma machache sheria ilipita, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mfumo mkubwa wa mabomba ya majitaka. Kipindupindu kikadhibitiwa, watu wengi wakaokoka, na heshima yake anastahili. Nusu ya pili ndiyo hatuisikii. Mabomba yale hayakusafisha majitaka. Yaliyapeleka mashariki ya jiji na kuyamwaga mtoni maji ya bahari yakitoka. Jiji likaendelea kukua, na mwaka 1957 wanasayansi wa makumbusho ya historia asilia ya London wakatangaza kwamba sehemu ya Thames inayopita jijini imekufa, haina uhai wa maana. Karibu miaka 100 baada ya ile harufu! Watu waliongezeka, mabomba yakazidiwa, na uamuzi wa kutibu majitaka kikamilifu ukawa unasukumwa mbele. Ulipochukuliwa kwa dhati, mto ulirudi. Samaki walianza kuonekana tena miaka ya 1960 na 1970, na leo hata sili, wale wanyama wa baharini, huingia kwenye mdomo wake.

Najua kuna wanaosema, "Hawa wa mito wanapinga maendeleo." Tuwajibu bila hasira, maana wengi wao wana sababu. Watu wanahitaji pa kulala. Kijana aliyeoa juzi anatafuta chumba. Anayetaka kujenga zahanati si adui wa mto. Mimi sipingi nyumba. Napinga nyumba mia tano kuunganishwa kwenye kituo cha kusafisha majitaka ambacho tayari kinapokea zaidi ya uwezo wake. Kituo kikizidiwa hakipigi kelele. Kinafungua lango na kumwaga mtoni kilichoshindwa kukitibu, na aliye chini ya mto ndiye anayechota.

Inawezekana kukua kwa mpango, na kuna waliofanya hivyo. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipitisha mwaka 1973 sheria inayotaka kila mji uwe na mpango wa matumizi ya ardhi na mpaka wa ukuaji wake. Ndani ya mpaka, jengeni, hata kwa msongamano, pelekeni mabomba na barabara. Nje ya mpaka, mashamba yabaki mashamba na misitu ibaki misitu. Jimbo lina malengo 19 ya mipango ya ardhi, na lengo namba 1, la kwanza kabisa, ni ushiriki wa wananchi. Halikuwekwa mwishoni kama pambo. Mpaka ule haukumaliza kila tatizo, na mjadala juu ya bei ya nyumba unaendelea huko hadi leo. Lakini mjenzi anajua wapi atajenga kabla hajanunua ardhi, na mkulima anajua shamba lake halitazungukwa na maghorofa mwaka ujao.

Kuna pia swali la nani analipa, na hili huniuma kila ninapoligusa. Singapore walianza mwaka 1977 kuusafisha mto wao, kazi iliyochukua miaka 10, na ikafanikiwa. Mafuga ya nguruwe na bata yaliondolewa, wachuuzi wa mitaani wakahamishiwa masokoni, na maelfu ya familia zilizoishi kwenye makazi duni zikapelekwa kwenye nyumba za serikali. Kule walau walihamishwa kwenda mahali. Sehemu nyingi duniani, neno "kusafisha mto" likitamkwa, kinachofuata ni tingatinga alfajiri na watoto wamekaa juu ya magodoro barabarani. Aliyejenga kibanda ukingoni hakuchagua pale kwa kupenda mbu. Alikosa pengine pa kwenda kwa sababu mpango wa mji haukumhesabu. Tukidai mto safi bila kudai choo, bomba na kiwanja kwa huyo ndugu yetu, tutakuwa tumemtumia yeye kulipa deni la watu wengine. Tena mara nyingi kibanda huondolewa na ghorofa lililo mita chache kutoka hapo likabaki, kwa kuwa lina kibali. Turudi basi mezani, tuulize kibali kile kilitokaje.

Sasa niwasimulie habari ya mwanamke mmoja, kwa sababu kila nikikata tamaa humkumbuka.

Mwaka 1962 Marion Stoddart alihamia Groton, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani, karibu na mto Nashua. Alikuwa mama mwenye watoto wadogo, hana cheo serikalini. Viwanda vya karatasi vilimwaga rangi mtoni, na mto ulikuwa ukibadilika, leo mwekundu, kesho kijani, kulingana na karatasi inayotengenezwa siku hiyo. Miji nayo ilimwaga majitaka. Katika madaraja ya ubora wa maji, Nashua ulikuwa chini ya madaraja yote. Watu waliuzoea. Walijenga nyumba zikiupa mgongo.

Yeye alianza kwa kubisha hodi. Alikwenda kwa wakuu wa miji, kwa vyama vya wafanyakazi, kwa wanahabari, na kwa wenye viwanda wenyewe, akiuliza wanataka mto wa namna gani. Wakakusanya saini za maelfu ya wananchi. Halafu chupa ya maji machafu ya Nashua ikapelekwa kwa Gavana John Volpe na kuwekwa mezani kwake. Mwaka 1966 Massachusetts ikapitisha sheria yake ya maji safi, miaka sita kabla ya ile ya taifa zima.

Chupa ile husimuliwa sana, na ni kweli inavutia. Lakini ninachokistahi mimi zaidi ni alichofanya baada ya sheria kupita, wakati ambapo wengine wangerudi nyumbani. Alijua kwamba siku mto utakapoanza kunukia vizuri, ndipo wenye fedha watakapokuja kujenga hadi ukingoni. Kwa hiyo tangu mwanzo chama chake kilidai vitu viwili kwa pamoja: majitaka yatibiwe, na kingo za mto zihifadhiwe kuwa ukanda wa kijani. Wamenunua vipande vya ardhi, wameviomba na wamewashawishi wenye ardhi, kimoja baada ya kingine, kwa miongo kadhaa. Leo watu wanaogelea na kuvua Nashua.

Na kuna jambo la tatu ambalo wananchi wa kule walilipata kupitia sheria ya taifa ya mwaka 1972. Mnakumbuka labda mto Cuyahoga, jijini Cleveland, ulioshika moto tarehe 22 Juni 1969 kwa sababu ya mafuta yaliyoelea juu ya maji. Haikuwa mara ya kwanza. Ulikuwa umewaka mara nyingi tangu mwaka 1868, na moto wa mwaka 1952 ulikuwa mkubwa zaidi. Tofauti ni kwamba safari hii Meya Carl Stokes aliwachukua wanahabari kesho yake, akawatembeza kwenye mabomba yanayomwaga uchafu, moja hadi jingine. Nchi nzima ikaona. Sheria iliyofuata ilimtaka kila anayemwaga kitu mtoni kupitia bomba awe na kibali chenye viwango, apime mwenyewe na apeleke taarifa, na taarifa hizo ziwe wazi. Kisha ikampa mwananchi wa kawaida haki ya kwenda mahakamani serikali ikizembea. Nawasihi mlishike hilo. Mtu anayeweza kusoma namba za bomba lililo jirani na nyumba yake hahitaji kubahatisha wala kutukana.

Haki hiyo haikubaki kwa taifa moja. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio, lililopitishwa kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992, inasema masuala ya mazingira hushughulikiwa vizuri zaidi kwa kushirikisha wananchi wote wanaohusika, wapate taarifa, washiriki katika maamuzi na wafikie vyombo vya haki. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 ukayafanya hayo kuwa wajibu wa kisheria kwa nchi zilizouridhia barani Ulaya na jirani zake, na Mkataba wa Escazú wa mwaka 2018 ukafanya hivyo Amerika ya Kilatini na Karibi. Kwa hiyo unapoomba kuona faili, hujaomba fadhila.

Tukishaliona faili, tuulize nini? Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba hotuba ndefu za uchungu huandikwa mstari mmoja kwenye kumbukumbu, lakini swali mahususi hulazimu jibu. Muulize mjenzi maji ya mvua kutoka kwenye paa na maegesho yake yatakwenda wapi, na kama kuna shimo, bwawa au bustani ya kuyapokea kwanza. Muulize majitaka yataunganishwa wapi, na ofisi inayohusika imeandika kwamba kituo kina nafasi? Halafu uliza kuhusu umbali kutoka mtoni, na hapa msiharakishe. Karatasi itasema mita kadhaa. Mita kutoka wapi? Kutoka maji yalipo wakati wa kiangazi, au kutoka alama ya juu kabisa ambayo mto hufika ukijaa? Mahali pa tambarare, tofauti ya pointi hizo mbili inaweza kumeza ghorofa zima. Nimeshuhudia mradi ukirudishwa kuchorwa upya kwa swali hilo tu, lililoulizwa na mzee mmoja aliyekuja na picha ya mafuriko ya zamani, yeye mwenyewe amesimama ndani ya maji, na mti uliopo pichani ulikuwa bado upo pale.

Ndiyo maana daftari ni silaha. Chagueni sehemu mbili za mto, moja juu ya bomba mnalolishuku na nyingine chini yake. Mtu yuleyule aende, saa ileile, kila juma, aandike tarehe, hali ya hewa, rangi, harufu, na apige picha akiwa amesimama juu ya jiwe lilelile. Mkiwa na kipimajoto, pimeni joto. Mkipata kifaa cha kupima oksijeni iliyoyeyuka, vizuri zaidi, kwa sababu samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita. Na msipokuwa na kifaa chochote, inueni mawe. Chini ya jiwe la mto wenye afya mtakuta mabuu mengi ya aina tofauti, pamoja na yale yenye mikia mitatu myembamba ambayo hayavumilii uchafu. Mabuu ya kereng'ende huvumilia kiasi. Mkikuta tope jeusi na mabuu mekundu yanayojipinda kama minyoo, basi oksijeni imepungua sana. Afrika Kusini wananchi na wanafunzi hutumia njia ya namna hii, iitwayo miniSASS, kuupa mto alama. Mdudu ana faida moja kuliko maabara: chupa ya maji inaeleza saa uliyoichota, lakini mdudu ameishi pale miezi, na aliyemwaga sumu usiku wa Jumapili hawezi kumrudisha.

Msiwasahau walio juu ya mto. Ni rahisi kuwalaumu wakulima kwa udongo na mbolea inayotiririka. Jiji la New York hunywa maji yanayotoka kwenye milima ya Catskill, na lilipotakiwa kujenga mtambo wa kuchuja uliokadiriwa kugharimu mabilioni ya dola, lilichagua kukaa chini na miji na wakulima wa huko juu. Makubaliano yalitiwa saini mwaka 1997. Jiji linalipia uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie mtoni, linatengeneza mashimo ya vyoo yaliyoharibika, linanunua ardhi kwa anayekubali kuuza. Mazungumzo yalikuwa magumu, kwa sababu wenyeji walikumbuka vijiji vilivyozamishwa kupisha mabwawa ya jiji. Wa chini alipokubali kwamba anamdai na pia anadaiwa, ndipo wa juu alipokaa mezani.

Sitawachosha zaidi. Kuna daftari pale mlangoni, lina kurasa mbili zilizochorwa mistari. Ukurasa wa kwanza ni wa watakaochukua zamu ya kwenda mtoni na kuandika. Wa pili ni wa watakaochukua zamu ya kwenda kusoma mbao za matangazo, kila Jumatatu, na kupiga simu jioni ileile wakiona jina la mto, la kijito au la kiwanja kilicho jirani navyo. Najua ukurasa wa kwanza utajaa haraka. Naomba tuanze kuujaza wa pili.